Morningside Itangazwe Kumbukumbu ya Taifa

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1886. Kwa kipimo hicho, Morogoro ya kihistoria karibu yote imeachwa nje, maana reli kutoka Dar es Salaam ilifika mwaka 1907 na majengo mengi ya Wajerumani yakafuata. Mojawapo ni Morningside, nyumba ya zama hizo iliyo kwenye miteremko ya Uluguru, juu ya mji. Sheria hiyohiyo inampa Waziri mamlaka ya kutangaza jengo lolote lenye thamani ya kihistoria, hata likiwa na umri mdogo. Mamlaka hayo yatumike sasa, kabla mvua za mlimani hazijaamua kwa niaba yetu.

Ushahidi mkubwa wa nyumba hii ni mahali ilipojengwa. Wazungu wa wakati ule walikimbilia miinuko kukwepa joto na malaria ya bondeni, na Morningside inakuonyesha bila maelezo nani alikaa penye ubaridi na nani alibaki chini. Reli iliishia bondeni, hivyo kila kifaa kisichopatikana mlimani kilipaswa kupandishwa, na wenye kuzijua njia zile walikuwa Waluguru. Na mlima ulikuwa na wenyewe: ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Ugomvi wa nani aamue juu ya ardhi hiyo haukuisha Wajerumani walipoondoka. Mwaka 1955 Waluguru waliukataa kwa nguvu mpango wa Waingereza wa kuwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi, hadi mpango wenyewe ukaachwa. Sijui mahali panapofaa zaidi kuisimulia habari hiyo kuliko ndani ya nyumba ya mtawala, tena mlimani kwenyewe.

Wapo wanaoona kwamba kuitunza nyumba ya mkoloni ni kumheshimu mkoloni. Uchungu wao ni wa haki, lakini Iringa imekwisha kuwajibu: hospitali ya zamani ya Wajerumani ni makumbusho tangu 2016, na ndani yake wenyeji ndio wenye simulizi. Ukibomoa, anayefutika kwanza ni yule fundi na mpagazi ambaye jina lake halikuandikwa popote. Habari za mtawala zimehifadhiwa Berlin. Hoja ya fedha ni nzito zaidi, kwani vijiji vya Uluguru vinahitaji zahanati na barabara. Hata hivyo, watembeaji hupanda Morningside tayari, wakiongozwa na vijana wa Morogoro. Tangazo la Serikali liambatane na sharti kwamba sehemu ya kiingilio ibaki kwa vijiji vya njiani, na kwamba ukarabati ufanywe na mafundi wa hukohuko. Bila sharti hilo, nami nisingeliunga mkono.