Msiwatukane Kasuku, Msiwafunge Pia

Tangu shule ya msingi hadi hapa chuoni, kila mwalimu aliyetaka kutukaripia kwa kukariri bila kuelewa alituambia tusiwe kasuku. Nami niliikubali kauli hiyo mpaka nilipohamia kwa mjomba, Entebbe. Barazani kwake kuna kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ndani ya kizimba ambamo hawezi kukunjua mabawa yote mawili kwa pamoja.

Asubuhi ndege huyo hulia kama simu, kisha huwaita watoto mmoja mmoja kwa sauti ya mama yao. Wageni hucheka. Hawatazami kifua chake, kilichobaki ngozi tupu kwa kuwa hujinyonyoa mwenyewe. Mjomba alidhani ni utitiri, akampulizia dawa. Manyoya hayakurudi. Kasuku akikaa peke yake siku nzima bila kazi wala mwenzi, mara nyingi hugeukia mwili wake.

Huko msituni hulala pamoja mitini kwa mamia, na alfajiri huondoka makundi makundi kutafuta matunda kama ya michikichi. Hutaga katika mashimo ya miti mirefu. Na kuiga hawakufundishwa na sisi: katika misitu ya Kongo wamerekodiwa wakiiga sauti za ndege wengine, hata ya popo. Huyu wa barazani anayesema "karibu" anatafuta kundi, na kundi alilopata ni sisi.

Kuhusu akili, walimu wangu wanisamehe. Huko Marekani, Irene Pepperberg alimfundisha kasuku wa aina hii, Alex, kuanzia 1977 mpaka ndege huyo alipokufa mwaka 2007. Alex alitaja rangi saba, alihesabu hadi sita, na akionyeshwa vitu viwili alisema vinatofautiana kwa rangi au kwa umbo. Nimekaa darasani na watu (nikiwemo mimi) ambao siku ya mtihani hawakufika hapo.

Mjomba husema, "Huku anakula vizuri, na hakuna mwewe." Hiyo ndiyo hoja ninayoipinga kuliko zote. Mtegaji hupaka ulimbo matawini, humweka kasuku mwingine pale awaite wenzake, kisha huwakata manyoya ya mabawa na kuwasukuma kwenye masanduku. Wengi hufa kabla ya kufika sokoni. Mjomba hakuwaona waliokufa. Alimwona mmoja aliyefika, akajiita mwokozi wake. Ghana, watafiti wamekuta kasuku hawa wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2016, nchi za mkataba wa CITES zilikubaliana mjini Johannesburg kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini. Marufuku ni nzuri, lakini mnunuzi akiwepo, njia za panya hazikosekani.

Wenzangu wananijibu kwamba wapo waliozaliwa vizimbani, na Afrika Kusini inawauza kwa wingi. Sawa. Lakini anayezaliwa kizimbani hazaliwi bila haja ya kuruka wala ya kuwa na wenzake. Wa kwetu, isitoshe, hana cheti chochote. Aliletwa usiku ndani ya kikapu. Mtegaji simlaumu sana, anatafuta karo ya watoto. Mjomba hana njaa.

Majuzi aliniomba nimtafutie kasuku wa pili kupitia rafiki yangu wa mpakani, ili huyu apate mwenzake. Nilikataa. Nikamwambia amkabidhi huyu kwa watunza wanyamapori wanaojua kumlea pamoja na kasuku wengine. Alinyamaza, akaniuliza nani ananilipia masomo. Ni yeye. Karo ya muhula ujao inadaiwa wiki mbili zijazo, na mpaka leo anayenisalimia asubuhi katika nyumba ile ni kasuku peke yake.