Uta, Wano na Upote: Msamiati Unaotuponyoka

Katika chumba kimoja cha ghorofani mtaani Pipeline, Nairobi, mzee wa Kikamba alinionyesha uta wa marehemu babake. Mimi, mwanafunzi wa Kiswahili, nilikuwa na maneno mawili tu: upinde na mshale. Mzee akanieleza kwamba nguvu za uta ndizo huamua ugumu wa wano. Upote unapoachiwa, wano hupindika kidogo likiupita uta; likiwa laini mno kwa uta huo, au gumu kupita kiasi, mshale huenda upande hata mkono ukiwa thabiti. Ili kuyaandika hayo, nililazimika kufungua kamusi.

Tangu uwindaji upigwe marufuku nchini Kenya mwaka 1977, wajuzi wa fani hii wanazidi kupungua, na maneno kama wano, upote, kigumba na podo yanabaki kamusini bila msemaji. Wapo wasemao tuyaache yaliyopitwa na wakati. Sikubaliani nao. Wakikuyu na Wakamba nao husema uta. Kulisahau neno hilo ni kuusahau udugu wa lugha zetu. Basi kila mwanachama na amhoji mzee mmoja. Tusingoje safari ya kijijini; wazee hao ni majirani zetu.