Kipimo Kisimdhuru Mgonjwa

Mgonjwa wa kifafa atumiaye fenitoini hupimwa damu ili ijulikane kama dawa yamtosha. Lakini takriban asilimia 90 ya dawa hiyo hushikwa na protini za damu, hasa albumini. Ile iliyo huru ndiyo ifanyayo kazi. Mwenye utapiamlo au maradhi ya ini, albumini yake hupungua. Kipimo cha jumla husema dawa ni chache, kumbe iliyo huru yatosha. Dozi ikiongezwa, mgonjwa hupepesuka, macho yakamcheza, ikadhaniwa maradhi yamezidi.

Yawapasa wenye dhamana ya afya kuhakikisha kuwa maabara zetu zapima dawa iliyo huru. Pasipo uwezo huo, albumini ipimwe kabla dozi haijaongezwa. Mizani isiyo sahihi ni dhuluma, sokoni hata hospitalini.