SPESA ZISIINGIE KWENYE GARI LETU!

Ndugu wanaushirika,

Maneno yamekuwa mengi pale kwenye mashine ya kusaga kuhusu Hilux yetu. Wapo wanaotaka tununue spesa, yaani vile vyuma vya duara vinavyowekwa kati ya habu na rimu ili gurudumu litoke nje. Eti yale matairi mapana yaliyoletwa kwa bei ya chini yasisugue tena springi. Na wengine wanaongeza kwamba gari likitanua miguu halitapinduka. Mkutano wa Jumamosi ndio utakaoamua. Sisi tunapinga, na sababu tunazibandika hapa kila mtu azisome kabla ya kunyoosha mkono.

Kwanza tuelewane gurudumu linashikwa na nini. Kila gurudumu la Hilux yetu lina bolti 6 zilizotoka kwenye habu, mafundi huziita stadi. Unene wake ni milimita 12. Wengi wanadhani bolti hizo zinabeba gari kama msumari unavyobeba kapu ukutani. Sivyo! Nati ikikazwa, bolti inavutika kidogo na kuibana rimu kwenye habu. Mbano huo ndio unaobeba. Mbano ukilegea rimu inacheza, na bolti zinapindwa huku na huku kila gurudumu linapozunguka. Waya ukikunjwa na kukunjuliwa hukatika. Bolti nayo ni vivyo hivyo.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana tuliosoma kisomo cha jioni tunajua kugawanya. Uzi wa bolti hiyo unapanda milimita 1.5 kila mzunguko. Ili nati ishike barabara, iingie angalau kiasi cha unene wa bolti, yaani milimita 12. Hiyo ni mizunguko 8. Haya, chukua spesa bapa ya milimita 10, ivike juu ya bolti zile zile. Imekula karibu mizunguko 7! Nati iliyokuwa ikizunguka mara 11 imebaki na 4 tu. Je, hiyo ndiyo ya kumpeleka mama mjamzito zahanati usiku?

Watajibu kwamba ziko spesa zenye bolti zake zenyewe. Ni kweli ziko, na zikitengenezwa vizuri na kukaa sawa kwenye habu ni afadhali. Lakini nati zinazoishika spesa yenyewe zinajificha nyuma ya rimu. Kuzikagua ni mpaka uvue gurudumu. Nani atavua magurudumu kila mara, wakati hata upepo wa matairi haupimwi? Tena gurudumu likisogea nje, uzito unazidi kuielemea beringi. Na hilo la kupinduka, jamani, gari letu linayumba kwa sababu magunia yanapangwa kupita kibanda, na juu ya magunia wanakaa watu. Tupunguze magunia, tusinunue vyuma.

Wakati tunabishania spesa, gurudumu la nyuma kushoto lina bolti 4 badala ya 6. Hilo hakuna anayelisema! Tena amepita mtu anayejiita fundi, anataka kuzichomelea. Tumkatae. Bolti hizi ni chuma kilichokomazwa kwa moto maalumu, na moto wa kuchomelea unauharibu ukomavu huo. Wala bolti ya kawaida ya dukani si mbadala. Zikikatika mbili, zilizobaki zimekwisha kubeba mzigo usio wao, kwa hiyo zote 6 za gurudumu hilo zibadilishwe. Shingoni mwa bolti mpya mna meno yanayouma tundu la habu. Inatakiwa iingie kwa presi, au ivutwe taratibu kwa nati na washa mpaka kichwa kikae sawasawa. Kuigongagonga kwa nyundo habu ikiwa garini ni kuiumiza beringi.

Na lile bomba la utingo likome. Nati za Hilux nyingi hudai nguvu kama ya uzito wa kilo 20 ulioning'inia kwenye mpini wa nusu mita, au kuzidi kidogo. Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya bomba la mita moja anatia nguvu hiyo mara 7! Bolti inanyooka kama mpira uliokwisha, halafu tunalaumu barabara.

Kwa hiyo tunataka Jumamosi tupitishe haya:

1. Hela za spesa zinunue bolti 6 na nati zake, za kipimo cha gari letu.
2. Matairi mapana yauzwe, tununue ya saizi iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.
3. Ushirika uwe na spana ya kupimia mkazo, itunzwe ofisini.
4. Kabla ya kufunga gurudumu, kutu na rangi visuguliwe kwenye habu na rimu. Nati zikazwe kwa kuvukana, si kwa kufuatana. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zikazwe tena.
5. Hadi bolti zibadilishwe, gari lisibebe mtu wala gunia.

Tunajua namba 5 itauma, maana mazao yako ghalani. Lakini gunia likichelewa huuzwa wiki ijayo. Mtu akianguka bondeni harudishwi na mkutano. Rahisi huvunja upishi.

Njooni wote Jumamosi, akina mama msibaki nyumbani. Ninyi ndio abiria wa gari hili.

Katibu