Tunawaenzi Waliokufa, Tunawacheka Waliorudi

Kila tarehe 25 Julai taifa letu huwakumbuka mashujaa wake. Mkoani Mtwara kuna makaburi ya Naliendele, walikolazwa wanajeshi wetu waliofia vita vya Msumbiji. Kuwaenzi ni haki na ni wajibu. Ugomvi wangu ni na heshima inayoanzia kaburini. Kwa nini aliyekufa vitani aitwe shujaa, na aliyenusurika, anayeshtuka usiku akipiga mayowe, aitwe mlevi, mwendawazimu au mwenye mapepo?

Nazungumzia Masasi na Newala kwa sababu watu wa huko hawakuijua vita kwa redio tu. Ukisimama Shimo la Mungu, pale Newala, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, bonde la Ruvuma limelala chini yako na Msumbiji i mbele ya macho yako. FRELIMO ilipoanza vita vya silaha dhidi ya Wareno mwaka 1964, wakimbizi walivuka mto huo. Vita vya ndani vilivyofuata baada ya uhuru, hadi mwaka 1992, viliwavusha wengine. Januari 2013 mji wa Masasi wenyewe uliona moto na risasi: majengo ya umma na nyumba za viongozi ziliteketezwa, watu wakapoteza maisha. Oktoba 2020 washambuliaji waliovuka kutoka Cabo Delgado waliingia katika kijiji cha Kitaya, mkoani humo humo, wakaua na kuchoma. Babu, mwana na mjukuu, kila mmoja ana usiku wake asioweza kuusahau.

Sayansi inasema nini juu ya usiku huo? Ugonjwa wa kiwewe uliingizwa katika mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili mwaka 1980, wakati taifa hilo likiwa bado linauguza askari wake wa Vietnam. Tangu hapo watafiti wameuchunguza ubongo wenyewe. Ndani yake mna amigdala, ambayo ni mlinzi wa kupiga mbiu ya hatari. Mna hipokampasi, ambayo ni karani anayeandika tukio lilitokea wapi na lini. Na mna sehemu ya mbele, mzee wa baraza anayesema, “Tulieni, hatari imepita.” Kwa mwenye kiwewe, mara nyingi mlinzi hupiga mbiu bila kukoma na sauti ya mzee haisikiki. Tairi la pikipiki likipasuka sokoni, kwake ni risasi ya leo.

Mwaka 2018 zilichapishwa takwimu za picha za ubongo za watu zaidi ya 1,800, zilizokusanywa kutoka tafiti mbalimbali. Ilionekana kwamba, kwa wastani, hipokampasi ya wenye ugonjwa huu ni ndogo kuliko ya wasio nao. Tofauti yenyewe ni ndogo, lakini ipo. Basi anayesema kwamba haya ni “mawazo tu” ajibu: mawazo hukaa wapi, kama si katika nyama na damu ya ubongo?

Najua hoja itakayoletwa. Mwaka 2002 watafiti waliwachunguza mapacha wanaofanana, mmoja akiwa amepigana Vietnam na mwenzake hakwenda. Walikuta kwamba pale ambapo askari mwenye kiwewe kikali alikuwa na hipokampasi ndogo, pacha wake aliyebaki nyumbani alikuwa nayo ndogo vilevile. Huenda, basi, kwa baadhi ya watu udogo huo ulitangulia vita. Wapo watakaorukia hapo na kusema, “Kumbe walizaliwa dhaifu!” Hapana. Nyumba ya makuti hushika moto upesi kuliko ya bati, lakini hatuishtaki nyumba. Tunamtafuta aliyewasha kiberiti.

Tujihadhari pia na kosa la upande wa pili, la ofisa atakayedai picha ya ubongo kabla ya kuamini. Hakuna picha inayotosha kuthibitisha kiwewe cha mtu mmoja mmoja. Ugonjwa huu hutambuliwa kwa kumsikiliza mgonjwa, kwa maswali na subira. Kumdai mkulima wa korosho wa Newala picha ya mashine ni kumfungia mlango kwa kufuli la kisayansi.

Wala tusijifiche nyuma ya umaskini. Huko Nakivale, nchini Uganda, wakimbizi kutoka Rwanda na Somalia walitibiwa kwa mazungumzo na washauri waliofunzwa kutoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008, na dalili za kiwewe zilikuwa zimepungua sana. Mwaka huo huo sisi tulitunga Sheria ya Afya ya Akili. Sheria tunayo, mfano tunao kwa jirani. Kinachotakiwa ni mhudumu aliyefunzwa katika kila zahanati ya Masasi na Newala, ili safari ya kwanza ya mgonjwa isiwe ya Mirembe, Dodoma.

Kwa watumishi wa umma nina neno la pili. Shirika la Kazi Duniani liliorodhesha kiwewe miongoni mwa magonjwa ya kazini tangu mwaka 2010. Askari au muuguzi aliyeyaona ya Kitaya anastahili matibabu na fidia, siyo barua ya kujieleza kwa utoro.

La tatu ndilo chungu zaidi. Mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilieleza kwamba maelfu ya Wamsumbiji waliokimbilia kwetu walirudishwa kwa nguvu kupitia Negomano, ng’ambo ya Ruvuma. Mkataba wa Afrika wa mwaka 1969 unakataza kumrudisha mkimbizi kwenye hatari. Mtu ambaye mlinzi wa ubongo wake hajaacha kupiga mbiu, tukamkabidhi tena kwa hatari ile ile, tumeshiriki kumjeruhi. Nchi iliyowapokea babu zao mwaka 1964 haina udhuru wa kuwafukuza wajukuu.

Julai ijayo mashada yatawekwa tena makaburini. Wanaoyaweka waulizwe hadharani: walio hai mmewawekea nini?