Uliumia Ukiwa Kazi ya Nani?

Mfanyakazi aliyeumia anapofikishwa hospitalini, sisi madaktari humwuliza anaumwa wapi, ameumia saa ngapi na kama kuna dawa zinazomdhuru. Ni nadra kumwuliza alikuwa akifanya kazi ya nani. Swali hilo halisaidii kuchagua dawa wala kupanga upasuaji, hivyo huachwa. Miezi michache baadaye, kidonda kimefunga lakini vidole havikunji, na kukosekana kwa jibu hilo ndani ya faili ndiko kunakomtenga mtu huyo na haki yake.

Tanzania Bara ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi iliyotungwa mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza shughuli zake mwaka 2015. Mchango hulipwa na mwajiri. Hauruhusiwi kukatwa katika mshahara. Jambo ambalo wagonjwa wangu wengi hawalijui ni kwamba fidia hii haimtaki mfanyakazi athibitishe uzembe wa mwajiri. Nimewasikia mafundi wa mbao waliokatwa na msumeno wakisema, "Daktari, nilizubaa mwenyewe, nitadai nini?" Kuzubaa si utovu wa nidhamu wa makusudi, na sheria inatofautisha mambo hayo mawili.

Kinachowaponza wengi ni muda. Mwajiri anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku saba baada ya kupata habari za ajali. Asipofanya hivyo, mfanyakazi mwenyewe anaweza kutoa taarifa, ila miezi kumi na miwili ikipita tangu siku ya ajali bila taarifa, haki hiyo hupotea. Miezi kumi na miwili huonekana mingi kwa asiyewahi kuuguza mfupa wa paja. Aliyevunjika vibaya hufanyiwa upasuaji, hurudi kwa sababu ya usaha, hufanyiwa upasuaji tena, kisha huanza mazoezi ya viungo. Wakati wote huo bosi anampigia simu kwa upole: pona kwanza, tutaongea. Pengine amelipa gharama za siku ya kwanza na kutoa nauli ya kliniki. Mgonjwa huona haya kumshtaki mtu aliyemtendea wema. Lakini kuwasilisha dai kwenye Mfuko si kumshtaki mwajiri, na nauli si fidia.

Hapo ndipo msaada wa kisheria unapohitajika, na unahitajika mapema, si baada ya mambo kuharibika. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huweza kumwelekeza mtu asiye na uwezo wa kumlipa wakili. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nacho hutoa msaada wa aina hiyo bila malipo. Mwanasheria ataona jambo ambalo daktari halioni: kwa mfano, mgonjwa aliyeachishwa kazi akiwa bado kitandani ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro wa kuachishwa huko mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hilo ni shauri tofauti na dai la fidia, na moja halisimami badala ya jingine. Wajihadhari, hata hivyo, na vishoka wanaozunguka wodini wakiahidi "kufuatilia malipo" kwa makubaliano ya kugawana nusu kwa nusu.

Wenzangu wengine husema kazi yetu ni tiba, mambo ya sheria tuwaachie wenyewe, tena foleni ni ndefu. Foleni ni ndefu kweli. Hata hivyo, kuandika "anasema alikatwa na mashine akiwa kazini, kiwanda cha mbao, leo saa nne asubuhi" ni kazi ya nusu dakika, wala hakumfanyi daktari kuwa hakimu. Ananukuu maneno ya mgonjwa. Tathmini ya ulemavu nayo isifanywe kwa haraka ili kumridhisha mtu. Ifanywe hali ya kiungo ikishatulia, kwa vipimo vilivyoandikwa, kwa kuwa tarakimu ile ndiyo itakayoamua malipo yake. Ningependa pia kila hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na orodha ya wasaidizi wa kisheria katika ofisi ya ustawi wa jamii, ambako mgonjwa hupita hata hivyo kuomba msamaha wa gharama.

Wagonjwa nao waombe nakala ya cheti cha kuruhusiwa kutoka hospitalini na picha za eksirei, wazitunze. Kibarua asiye na mkataba wa maandishi asikate tamaa: majina na namba za simu za aliofanya nao kazi siku ile yaandikwe kabla hawajatawanyika, na ujumbe wa malipo uliokuja kwenye simu yake kila Jumamosi usifutwe.