Mizigo Ikihama Malindi, Gati Litabaki kwa Nani?



Asubuhi hii nimetoka zamu ya usiku wodini, na badala ya kwenda kulala nimepanda basi hadi bandari ya zamani ya Doha. Nimekaa kwenye benchi na chai ya maziwa mkononi, miguu imevimba kama ya mama mjamzito. Mbele yangu kulikuwa na meli ya watalii ndefu kuliko mtaa mzima wa kwetu, na nyuma yangu vijumba vya rangi ya waridi, njano na samawati vya mtaa wa Mina, chini mikahawa, juu wapangaji. Wenzangu waliotangulia hapa Doha wanasimulia kuwa pale nilipokaa palikuwa makontena na malori tu.

Hadithi yake ni fupi. Hamad Port, kusini ya mji, ilianza kupokea meli Desemba 2016 na ikafunguliwa rasmi Septemba 2017. Mizigo ikahamia huko, na bandari ya katikati ya mji ikageuzwa kuwa mahali pa matembezi, ikawa tayari 2022 kabla ya Kombe la Dunia. Pembeni yake, ufukweni hapo hapo, kuna maghala marefu ya kinu cha unga. Hayo nayo yanageuzwa jumba la makumbusho, na aliyepewa kazi ya kuchora ni Alejandro Aravena, msanifu majengo wa Chile.

Kwa nini nawachosha na habari za Waqatari? Kwa sababu mzee wangu alikuwa mchukuzi bandari ya Malindi, Unguja. Magunia ya mchele aliyobeba mgongoni ndiyo yaliyonisomesha mpaka nikapata digrii ya uuguzi. Kaka yangu yuko pale pale hadi leo. Na Serikali ya Mapinduzi imekwisha kututangazia kuwa mizigo itahamia bandari mpya ya Mangapwani, zaidi ya kilomita 20 kaskazini ya mji, na Malindi ibaki kwa abiria na utalii. Yaani kilichotokea Doha kinakuja kwetu. Suali langu ni moja: siku winchi la mwisho likiondoka, lile gati na maghala yake yatakuwa mkononi mwa nani?

Najua mtaniambia Qatar ina gesi na sisi tuna karafuu. Sawa. Lakini nilichokiona hapa si fedha peke yake. Mchoraji ni Mchile, mafundi wametoka Nepal na Bangladesh, wauguzi wanaowatibu mafundi wametoka kwetu, Ufilipino na India. Wageni tupu! Ila sisi sote tumeajiriwa, na mwenye mali amebaki kuwa mwenyeji. Kwetu mara nyingi ni kinyume: mgeni anapewa sehemu, kisha mwenyeji anaomba kazi ya ulinzi mlangoni.

Tusiwapambe Waqatari kupita kiasi, hata hivyo. Hakuna mvuvi wa hapa aliyeitwa kupiga kura juu ya rangi ya vijumba. Aliyeamua ni dola. Na wakaazi walio wengi wa nchi hii, mimi nikiwemo, si raia, wala hatuna la kusema. Ukitaka kuona wenyeji wenyewe wakiongoza, inabidi uvuke bahari mpaka Vancouver, Kanada.

Kule kuna taifa la wenyeji wa asili linaloitwa Squamish. Walikuwa na kijiji chao, Senakw, kando ya maji. Sehemu ya ardhi yake ikachukuliwa kwa ajili ya reli, na mwaka 1913 serikali ya jimbo ikawatoa watu wote, wakapakiwa kwenye jahazi la kuvutwa na nyumba zao zikachomwa moto. Walikwenda mahakamani miaka na miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakarudishiwa kipande cha ekari 10 na kidogo, chini ya daraja, kwa sababu reli haikukihitaji tena. Mwaka 2019 wanachama walipiga kura, na zaidi ya asilimia 80 ya waliopiga wakakubali kujenga. Ni minara 11 yenye nyumba kama 6,000, nyingi za kupangisha. Mwaka 2022 shirika la nyumba la serikali kuu ya Kanada likawakopesha dola bilioni 1.4 za huko. Walimwingiza mwekezaji mwenye mtaji, ndiyo, lakini ameingia kama mshirika juu ya ardhi ambayo ni ya taifa lao. Majirani walilalamika kuwa minara ni mirefu mno. Wakajibiwa kuwa kanuni za ujenzi za jiji hazifiki kwenye ardhi ile. Nilicheka peke yangu niliposoma hayo.

Sasa rudini Malindi. Kwa sheria zetu, baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma chini ya Serikali, na sheria ya 1992 inaruhusu mwekezaji kukodishwa kwa miaka mingi. Mchukuzi, mama muuza uji wa bandarini na fundi wa mashua hawana karatasi yoyote. Mwaka 2023 uendeshaji wa bandari ulikabidhiwa kampuni ya Africa Global Logistics. Mwaka huo huo tuligombana mpaka usiku wa manane juu ya DP World na bandari ya Dar, wengine tukatukanana kabisa, lakini sikumbuki hata mmoja wetu aliyeuliza habari za wachukuzi wa Malindi. Hata mimi sikuuliza.

Mifano miwili tunayo, hatua chache kutoka pale bandarini. Forodhani ilikarabatiwa na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan na kufunguliwa upya 2009, na wauza mishikaki na pweza wakarudi na meza zao. Wamebanwa kwa taratibu, lakini wapo. Kule Shangani, jumba la Mambo Msiige lililokuwa ofisi za serikali likaingizwa ndani ya hoteli kubwa iliyofunguliwa 2015, na UNESCO wenyewe walilalamika juu ya ujenzi ule. Leo nikitaka kukaa pale nilipokuwa nikicheza utotoni, lazima niagize juisi.

Pendekezo langu ni hili. Kabla ya mizigo kuhama, eneo litakaloachwa likodishwe kwanza kwa chombo cha watu wa Malindi wenyewe, na mwekezaji yeyote akodi kutoka kwao. Si jambo la kigeni. Wazee wetu walikuwa na wakfu. Mtu alifunga nyumba au shamba lisiuzwe milele, na kodi yake ikahudumia msikiti, mayatima au ukoo. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu mpaka leo. Kwa nini gati lisifungwe namna hiyo?

Hapa kuna miba miwili, na siwezi kuiruka. Wa kwanza ni neno lenyewe "mwenyeji". Sote tunajua neno hilo limetufanya nini Zanzibar, nani kaitwa mgeni na kilichompata baadaye. Wapo wachukuzi wa Malindi wenye asili ya Pemba na Bara, na kuna familia za Kingazija na Kihindi zenye vizazi vitano pale. Kwa hiyo mwenyeji awe yule anayeishi au kufanya kazi Malindi siku ya kuhesabu, basi, babu yake asiulizwe. Wa pili ni wizi. Vyama vya ushirika vilivyoliwa na makatibu wake tumeviona vingi, na sina dawa ya hilo zaidi ya hesabu kubandikwa ukutani kila mwezi, kama tunavyobandika chati ya dawa wodini ambako kila mtu anaona nani ametia saini.

Jana kaka alinipigia simu. Anataka nimsaidie kununua bodaboda ili awahi mapema, maana anasikia Mangapwani watataka watu wa mashine, si wa migongo. Nimemwambia pesa nitatuma, lakini kwanza anunue daftari, aandike jina la kila mchukuzi, kila muuza uji, na miaka yao pale. Alinuna kidogo. Leo nikiwa pale kwenye benchi amenitumia picha ya ukurasa wa kwanza: majina 22, na la kwanza ni la marehemu mzee wetu. Nimemjibu marehemu hahesabiwi. Amesema lifutwe na nani.